Mlango Ule Haukusukumwa na Mzimu
Ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp hudai kwamba filamu ya kutisha ya The Haunting ya mwaka 1963 ilirekodiwa ndani ya jumba lenye mizimu, na kwamba mlango unaobonyea ulisukumwa na mzimu halisi. Si kweli. Jumba linaloonekana kwa nje lipo Uingereza, lakini vyumba vya ndani vilijengwa studio, na mlango ulitengenezwa kwa tabaka za mbao ili mtu aliyesimama nyuma aweze kuusukuma. Anayetaka uhakika asome maandishi yanayoonyeshwa kwenye filamu yenyewe, yanayotaja riwaya iliyoizaa, kisha aitazame yote: mzimu hauonekani hata mara moja. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa kisichoonyeshwa hujazwa na hofu ya mtazamaji. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.