Kifuko cha Nyongo Kimetolewa, Mbona Tumbo Bado Linauma?

Watu wengi waliotolewa kifuko cha nyongo hupona, hurudi kazini, na baada ya miezi michache hukikumbuka tu wanapoyaona makovu madogo tumboni. Makala haya ni ya wale wengine. Ni ya yule aliyeambiwa upasuaji umekwenda vizuri na kidonda kimefunga, lakini akila tu tumbo linamkaba, au chini ya mbavu za kulia panamvuta, au hajamaliza mlo anatafuta choo mbio. Tafiti zinatofautiana sana kuhusu idadi yao: zipo zinazotaja asilimia 10 ya waliopasuliwa, zipo zinazofika asilimia 40, kwa kuwa kila mtafiti ana kipimo chake cha kusema nani bado anaumwa. Hata tukishika hesabu ya chini, ni watu wengi mno, maana upasuaji huu ni miongoni mwa zile zinazofanywa mara nyingi zaidi duniani.

Madaktari tunalo jina la jumla la hali hii, yaani dalili za baada ya kutolewa kifuko cha nyongo. Jina hilo ni gunia tu. Ndani yake mmetiwa maradhi ya kila namna. Mgonjwa akiondoka kliniki na jina hilo peke yake, bado hajatibiwa. Kinachotakiwa ni kujua maumivu yake yanatoka wapi.

Tuanze na kazi ya kifuko chenyewe. Ini hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku. Kifuko hubeba mililita 30 hadi 50 tu, lakini huifyonza maji nyongo hiyo mpaka ikakolea, kisha mafuta ya chakula yanapofika kwenye utumbo mwembamba, homoni hukiamuru kijikamue. Kikishaondolewa, ini haliachi kazi. Nyongo huendelea kuteremka kwenye utumbo kidogo kidogo, mchana na usiku, uwe umekula au hujala. Ndiyo maana binadamu anaweza kuishi bila kifuko hicho, jambo ambalo Carl Langenbuch alilionyesha mjini Berlin mwaka 1882 alipomtoa mgonjwa kifuko cha nyongo kwa mara ya kwanza. Kinachopotea ni ile akiba iliyokolea na uwezo wa kuitoa kwa wakati wake.

Sasa lipo swali ambalo wagonjwa wengi hawalipendi, nami huliuliza kabla ya mengine yote: maumivu ya leo ni mapya, au ni yale yale ya kabla ya upasuaji?

Vijiwe vya nyongo, ambavyo ndivyo sababu kubwa ya kutolewa kifuko, ni jambo la kawaida, na walio wengi kati ya wenye vijiwe hawaumwi kabisa. Maumivu ya vijiwe yana tabia yake. Huja kwa vipindi, hupanda hadi kileleni, hukaa kati ya nusu saa na saa kadhaa, mara nyingine huelekea mgongoni au kwenye bega la kulia, huweza kumwamsha mtu usiku, kisha hutoweka na mtu akakaa siku au wiki bila kusumbuliwa. Aliyekuwa na maumivu ya namna hiyo ndiye anayenufaika zaidi na upasuaji. Lakini aliyekuwa na gesi kila siku, kiungulia, tumbo kujaa na choo kisichotabirika, akapigwa altrasaundi vijiwe vikaonekana, huenda vijiwe hivyo vilibebeshwa lawama isiyo yao. Kifuko kikatolewa, ugonjwa ukabaki palepale.

Kwa mgonjwa huyu, upelelezi unarudi mwanzo. Je, ana vidonda vya tumbo, au bakteria wa H. pylori ambao hawajawahi kupimwa? Asidi inapanda kooni? Ana utumbo nyeti, ule ambao maumivu yake huandamana na mabadiliko ya choo na hutulia kidogo baada ya kujisaidia? Kongosho liko salama? Mwenye siko seli ana jambo la ziada: yeye hupata vijiwe akiwa bado kijana kwa sababu chembe zake nyekundu za damu huvunjika mapema, na maumivu ya tumbo baada ya upasuaji yanaweza kuwa ya siko seli yenyewe. Halafu kuna moyo. Mtu wa makamo anayebanwa juu ya tumbo kila anapopanda ngazi, si anapokula, apimwe moyo kwanza.

Kuna chanzo kimoja kinachosahaulika mno, na kinaniuma kwa sababu kukibaini hakuhitaji mashine. Ni maumivu ya ukuta wa tumbo. Mshipa mdogo wa fahamu unabanwa kwenye msuli au kwenye kovu, na mgonjwa anaweza kuonyesha mahali panapouma kwa ncha ya kidole kimoja. Daktari humlaza chali, hubonyeza pale, kisha humwambia anyanyue kichwa na mabega bila kujiinua kwa mikono ili misuli ya tumbo ikaze. Maumivu yakibaki vilevile au yakizidi, tatizo pengine liko kwenye ukuta. Yakipungua, liko ndani zaidi. Kipimo hiki kilielezwa na daktari Mmarekani John Carnett mwaka 1926. Sindano ya ganzi ikichomwa mahali penyewe husaidia kuthibitisha, na kwa baadhi ya watu ndiyo tiba. Wapo waliomulikwa kwa kila aina ya kipimo kwa miaka kabla ya mtu kuwabonyeza tumbo kwa namna hiyo. Wakati wa uchunguzi huohuo, kovu likaguliwe pia kama kuna ngiri.

Maumivu yakiwa mapya, au yakiwa ni yale ya vipindi yaliyorudi, tunaangalia mirija ya nyongo, ile inayoiteremsha kutoka kwenye ini hadi kwenye utumbo. Kijiwe kinaweza kuwa kilishateremka kwenye mrija mkuu kabla ya upasuaji kikabaki humo, na vingine huweza kuundwa upya ndani ya mrija miaka mingi baadaye. Kipande cha mrija wa kifuko kilichoachwa kinaweza kuwa kirefu, nacho kikahifadhi kijiwe. Mrija unaweza kuwa uliumizwa wakati wa upasuaji ukasinyaa taratibu. Hata mnyoo wa askarisi huweza kupanda kutoka kwenye utumbo na kuingia kwenye mrija wa nyongo, na waliotolewa kifuko wana hatari kubwa zaidi ya hilo.

Homa yenye kutetemeka, macho kugeuka manjano, mkojo kuwa kama chai ya rangi, choo kupauka, maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni pamoja na kutapika, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami: hizi ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya upande wa kulia yakiungana na homa na manjano, huenda mrija umeziba na umeingia maambukizi, na hali hiyo huua.

Nje ya dharura, kipimo chenye thamani kubwa ni cha damu: vimeng'enya vya ini (ambavyo huongezeka kwenye damu ini linapoumia), bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) na lipasi, kimeng'enya cha kongosho. Kina sharti moja ambalo wagonjwa hawaambiwi. Kijiwe kinapokwama kisha kikapita, vimeng'enya hupanda na baada ya siku chache hurudi chini. Ukipimwa wiki mbili baadaye ukiwa mzima, utaambiwa huna kitu. Kwa hiyo mwombe daktari wako karatasi ya kipimo mapema, ukae nayo, na maumivu yakija uende ukatolewe damu ndani ya saa chache. Altrasaundi hufuata, ingawa vijiwe vilivyo chini ya mrija huweza kuikwepa. Hapo tunahitaji MRI ya mirija au altrasaundi inayoingizwa kwa njia ya mdomo. Usishtuke ripoti ikisema mrija umepanuka kidogo. Baada ya kifuko kutolewa mrija huweza kufikia hadi milimita 10 bila ugonjwa wowote, kama damu iko sawa.

Vipimo vyote vikiwa safi na maumivu yanaendelea, baadhi ya wagonjwa huambiwa tatizo ni msuli wa Oddi, ule unaofungua na kufunga mdomo wa mrija unapoingia kwenye utumbo, kwamba unakaza na dawa yake ni kuukata kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Hapa naomba usome taratibu. Mwaka 2014 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa Marekani uliofanywa kwa wagonjwa 214 wa namna hii, wasio na mrija uliopanuka sana wala vimeng'enya vilivyopanda. Wengine walikatwa msuli huo, wengine walifanyiwa utaratibu wa kuigiza tu bila kukatwa, nao hawakujua wako kundi gani. Waliopata nafuu kati ya waliokatwa walikuwa asilimia 23. Kati ya wale ambao hawakukatwa kitu, walikuwa asilimia 37. Ukikumbuka kwamba utaratibu wenyewe huweza kusababisha kongosho kuvimba kwa uchungu mkubwa, utaona kwa nini sisi hatuukimbilii. Mwenye mrija mpana na vimeng'enya vinavyopanda kila akiumwa ni habari nyingine. Huyo kukatwa kunaweza kumsaidia.

Kuhara ni tatizo lenye tiba, na linasikitisha linapovumiliwa kwa aibu. Kwa kawaida utumbo mwembamba, karibu na mwisho wake, huzifyonza asidi za nyongo na kuzirudisha kwenye ini. Nyongo inapomiminika bila kukoma, baadhi ya asidi hizo huponyoka, zikaingia kwenye utumbo mpana na kuufanya utoe maji. Matokeo yake ni choo chepesi, cha ghafla, mara nyingi asubuhi au baada ya kula, pengine chenye kuunguza. Dawa iitwayo kolestiramini huzinasa asidi hizo. Hunasa pia dawa nyingine, kwa hiyo vidonge vyako vingine umeze angalau saa 1 kabla yake au saa 4 hadi 6 baada yake, na ukiitumia muda mrefu daktari afuatilie vitamini A, D, E na K. Wengine hutosheka na loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara. Choo chenye damu, au kuhara kunakoandamana na kukonda, kusisingiziwe nyongo; hayo yana uchunguzi wake.

Kuhusu chakula, ushauri wa kuacha mafuta maisha yote hauna msingi kwa watu wengi, tena huwakondesha na kuwatia hofu ya sahani. Mwili unayahitaji mafuta, na nyongo ya kuyayeyusha ipo. Haipo tu kwa wingi wa mara moja. Yagawe katika milo midogo kadhaa badala ya kuyarundika kwenye mlo mmoja mzito wa jioni. Kinachokusumbua kipunguze kwa wiki chache, kisha kijaribu tena, kwa maana mwili hubadilika. Na ile tiba ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau ili "kusafisha nyongo", achana nayo. Vile vibonge vya kijani vinavyoonekana chooni si vijiwe. Ni mafuta yenyewe yaliyogandamana yakawa kama sabuni.

Dawa za maumivu nazo zinataka tahadhari. Kodeini, ambayo hujificha hata kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, na mofini hukaza ule msuli wa Oddi. Asiye na kifuko hana pa kupokelea shinikizo linalotokea, na wapo wanaopatwa na maumivu makali ndani ya saa moja baada ya kumeza. Ukiona hivyo, mwambie daktari, usiongeze dozi. Diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kiholela, huchubua tumbo na kuzaa maumivu mapya juu ya yale ya zamani.

Kuna wanaobaki na maumivu baada ya yote hayo kutafutwa na kukosekana. Kwao mishipa ya fahamu ya tumbo imezoea kupiga kelele, na ubongo umezoea kuisikia, hata chanzo cha kwanza kilipokwisha. Maumivu hayo ni ya kweli. Amitriptilini kwa dozi ndogo, ndogo kuliko ile ya kutibu sonona, huwapunguzia baadhi yao, kama inavyofanya tiba ya mazungumzo, usingizi wa kutosha na mwili unaotembea. Nafuu huja kwa wiki na miezi, na mara nyingi ni ya sehemu: siku mbaya zinapungua, mtu anarudi mezani na wenzake.

Unapokuja kliniki, njoo na ripoti ya upasuaji na majibu ya maabara ya kifuko kilichotolewa, si barua ya kuruhusiwa peke yake. Andika kwa wiki mbili saa maumivu yalipoanza, yalipokwisha, ulikuwa umekula nini, choo kilikuwaje na ulimeza dawa gani. Kama uliwahi kuumwa vivyo hivyo kabla ya kupasuliwa, sema, hata kama unaona ni kukiri kwamba upasuaji haukukufaa.