Kolaji ya mwanamke: maana yake nini hasa?

Kolaji ni picha inayotengenezwa kwa kukata vitu ambavyo tayari vipo, kurasa za majarida, picha za kamera, vitambaa, bahasha za zamani, halafu unavipanga na kuvibandika kwa gundi mpaka vitoe kitu kipya. Ukiongeza rangi, wino, uzi, shanga au glita juu yake ndo inakuwa kolaji ya vifaa mchanganyiko. Mpaka hapo hakuna shida. Shida inaanza msanii akisema "nachunguza uanamke kupitia kolaji", watu wengi wanadhani ni vichwa vya wanawake na maua pembeni, basi.

Iko hivi. Anayechora kwa penseli anaanza na karatasi nyeupe, ila wa kolaji anaanza na picha ambazo mtu mwingine alishazitengeneza kwa sababu zake, tangazo la losheni, kitabu cha daktari, jarida la kuonyesha "makabila ya Afrika", na kwenye hizo picha kuna mwanamke ambaye alishapangiwa akae vipi na aangaliwe vipi. Sasa ukimtoa pale kwa mkasi, ukampa kiuno cha pikipiki na jicho kubwa kuliko mdomo, unamwonyesha mtazamaji kwamba hata ile picha ya kwanza, aliyokuwa anaiona ya kawaida kabisa, nayo iliundwa na watu. Ndo maana mikato huachwa ionekane. Ikilainishwa yote kwenye kompyuta mpaka huoni kipande kimeishia wapi, mi naona inabaki tangazo tu kama lile la losheni.

Mfano wa zamani ni Hannah Höch, Mjerumani aliyezaliwa 1889. Alifanya kazi kwenye kampuni ya magazeti ya Ullstein pale Berlin, akibuni mitindo ya kufuma na kudarizi kwa ajili ya wasomaji wanawake, yaani malighafi ya kolaji zake ilikuwa inapita mezani kwake kila siku. Kwenye kolaji yake kubwa ya 1919 amejaza wanasiasa, magurudumu ya mashine na wacheza dansi, ila shuka kona ya chini kulia: kuna kipande cha ramani ya Ulaya kinachoonyesha nchi ambazo wanawake wameruhusiwa kupiga kura, na hapohapo kabandika uso wake mwenyewe, mdogo sana. Na ule mwaka ndo wanawake wa Ujerumani walipiga kura ya taifa kwa mara ya kwanza.

Baadaye akafanya mfululizo mwingine akichanganya miili ya wanawake wa Kizungu na picha za vinyago na sanamu za makumbusho, zikiwemo za Afrika. Wanaomtetea wanasema alikuwa anakejeli jinsi mwanamke anavyowekwa kwenye kabati la kioo kama kinyago. Sawa, hoja ipo, lakini hao waliotengeneza vinyago hakuwauliza, kwake vilikuwa vipande tu.

Ndo maana Wangechi Mutu ananivutia zaidi. Kazaliwa Nairobi 1972, kasomea sanaa Marekani, na yeye anakata picha za mitindo, za pikipiki, za ngono na za yale majarida ya "makabila", yaani vyanzo vilevile vinavyouza mwili wa mwanamke mweusi kila kimoja kwa bei yake. Katikati ya miaka ya 2000 alichukua kurasa za kitabu cha tiba zenye michoro ya uvimbe na magonjwa ya mfuko wa uzazi akazigeuza nyuso, ziko 12. Unakuta mchoro wa kiungo cha ndani, maandishi ya daktari bado yanasomeka, ila juu yake yamebandikwa macho na midomo iliyonona kutoka kwenye majarida, kuna manyoya, kuna glita. Uso unakutazama. Mara unaona mrembo, mara unaona ugonjwa, na huwezi kuamua ni kipi kwa sababu vyote viwili ni karatasi ileile.

Wapo pia waliodai kwamba kolaji ilikuwa kazi ya wanawake muda mrefu kabla mchoraji Picasso hajaibandika kwenye turubai 1912. Miaka ya 1970 wasanii Miriam Schapiro na Melissa Meyer waliandika kule Marekani kwamba kushona viraka, kudarizi na kupamba albamu za familia ni sanaa hiyohiyo, sema ilifanyika nyumbani ikaitwa kazi ya mikono. Nakubaliana nao. Mary Delany, Mwingereza, alishapita miaka 70 alipoanza kukata maua ya karatasi karne ya 18, akafikisha karibu 1,000, leo yako British Museum.

Mutu mwenyewe siku hizi anafanya sana sanamu. Mwaka 2019 aliweka wanawake wanne wa shaba nje ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kwenye nafasi za ukutani zilizokuwa tupu tangu 1902. Mkasi hauonekani tena, ila miili yao imezungushiwa pete nyingi za shaba kama mavazi na vichwani wana visahani vinavyong'aa, alivyovitoa kwenye mapambo ya wanawake wa Kiafrika wenye hadhi. Bado anaunganisha vipande.