Lili imepauka? Geuza jani kwanza

Joto la kaskazi likishapanda, kuanzia Disemba, lili za vyunguni ndizo zinazoumia mapema. Jani linatoka vidoti vyeupe vidogo mno, kana kwamba limenyunyiziwa unga, kisha linapauka, linageuka rangi ya shaba na kukauka. Wengi hudhani ni kiu. Wanazidisha maji chunguni mpaka kitunguu cha mmea kinaoza, na ugonjwa wenyewe uko palepale.

Geuza jani utazame upande wa chini. Shika karatasi nyeupe chini yake, ligonge kwa kidole mara mbili tatu. Vumbi likianza kutembea, huyo ni utitiri. Mkubwa wake hafiki milimita moja, kwa hivyo tazama mahali penye mwanga. Ukiona na utandu mwembamba kati ya jani na shina, ujue wameshazaana sana.

Utitiri si mdudu wa kawaida. Ana miguu minane na yumo katika jamii ya buibui. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ndiyo asili ya kosa kubwa tunalolikuta majumbani: mtu anachukua dawa ya mbu au ya mende, anaipulizia lili. Dawa nyingi za namna hiyo hazimwezi utitiri, lakini zinaua wanaomla. Baada ya wiki mbili utitiri anarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Katika joto letu hahitaji zaidi ya wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuwa mkubwa, na jike mmoja hutaga mayai kwa makumi.

Waliolima muhogo Unguja na Pemba wanamjua ndugu yake, utitiri wa kijani. Aliingia Afrika Mashariki kutoka Amerika ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika nchi nyingi za Afrika aliyemrudisha nyuma hakuwa bomba la dawa, bali utitiri mwingine anayekula wenzake, aliyetolewa Brazili na kuachiwa mashambani Benin mwaka 1993. Basi wanaomla utitiri bustanini kwako waache wafanye kazi.

Dawa ya kwanza ni maji. Peleka chungu uani, ukilaze ubavu, mwagia majani maji yenye nguvu kidogo, zaidi upande wa chini. Fanya hivyo asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Nyumba iliyo kando ya njia ya vumbi inahitaji kuosha majani mara kwa mara hata pasipo ugonjwa, maana utitiri hupenda jani kavu lenye vumbi. Mvua za masika zenyewe humpunguza, ila lili ya barazani haifikiwi na mvua.

Wakizidi, twanga kokwa za mwarubaini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, ziloweke usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia kijiko kidogo cha sabuni ya mche iliyoyeyushwa. Usitumie sabuni ya unga, huunguza majani. Jaribu jani moja, subiri siku moja. Likisalimika, pulizia mmea mzima jua likishatua, kila baada ya siku tano, mara tatu. Ukipuliza mara moja ukaacha, mayai yataanguliwa na kazi inaanza upya. Na chungu kilichougua kitengwe na vingine.

Majani yaliyokwisha kabisa yakate, yafunge mfukoni, usiyatupe kwenye mboji. Yenye ukijani bado yaache, ndiyo yanayolisha kitunguu.

Neno moja kwa wenye paka: lili halisi ni sumu kali kwao. Hata chavua aliyoilamba manyoyani inaweza kuharibu figo na kumuua. Majani unayoyakata yasibaki sakafuni, na paka akishayatafuna mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje aanze kutapika.