Carter hakuokotwa shambani

Nikisahihisha karatasi za siasa za Marekani nakutana na sentensi ile ile, mwaka baada ya mwaka: Jimmy Carter alikuwa mkulima wa kawaida wa karanga, mtu mwema asiyejua siasa, aliyeokotwa na wapiga kura kuwa rais mwaka 1976 kwa sababu Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon, iliwachosha. Alipofariki Desemba 2024, akiwa na miaka 100, sentensi hiyo ikahamia kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa imebandikwa picha ya shamba. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Nianze na mepesi. Alizaliwa Plains, Georgia, mwaka 1924, akakulia kijiji cha jirani cha Archery, akahitimu Chuo cha Jeshi la Majini mwaka 1946, akatumikia kwenye nyambizi. Alirudi nyumbani mwaka 1953 baba yake alipofariki. Baba huyo, Earl Carter, alikuwa amechaguliwa mwaka uliotangulia kuingia Baraza la Wawakilishi la Georgia, kwa hiyo siasa kijana aliikuta sebuleni. Na huo "ukulima" una mengi ndani yake. Alikuwa na shamba, sawa, lakini biashara hasa ilikuwa maghala, mbegu, mbolea na kununua mavuno ya wenzake. Ukitoka Mtwara na unamjua mnunuzi mkubwa wa korosho wa wilaya yako, unajua anavyofahamiana na kila kaya na nani anadaiwa naye. Mtu wa namna hiyo akigombea, anakuwa ameanza kampeni miaka kumi kabla. Carter pia alikaa miaka kadhaa kwenye bodi ya shule ya kaunti ya Sumter na kuiongoza. Huyo ndiye "asiyejua siasa".

Sasa tufike panaponiudhi. Huwezi kumwelewa mwanasiasa wa shamba wa Georgia bila kuelewa jinsi kura za shamba zilivyokuwa na uzito. Jimbo lina kaunti 159. Katika kura za mchujo za chama cha Democratic, kaunti nane kubwa zilipewa pointi 6 kila moja, 30 zilizofuata pointi 4, na 121 zilizobaki pointi 2. Aliyeongoza kwenye kaunti alizoa pointi zote. Kaunti ya Fulton, yaani Atlanta, ilikuwa na watu 556,326 kwa sensa ya 1960. Echols ilikuwa na watu 1,876. Piga hesabu: pointi moja ya Echols ilibeba watu 938, ya Fulton watu 92,721. Na kwa kuwa Republican wa Georgia wakati huo walikuwa jina tu, mchujo wa Democratic ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Kaunti tatu za vichaka, kila moja na bwana mkubwa wake, zilitosha kulifuta jiji zima.

Mwaka 1962 mahakama zikauvunja mfumo huo. Seneti ya jimbo nayo, ambayo viti vyake vilikuwa vikizungushwa kaunti kwa kaunti, ikagawiwa upya kufuata idadi ya watu. (Seneti ya Georgia inakaa Atlanta. Siyo ile ya Washington. Nitakata maksi kwa hilo hadi nistaafu.) Kiti kipya kikapatikana nyumbani kwa Carter. Alitangaza kugombea tarehe 1 Oktoba, siku aliyotimiza miaka 38. Kura zilipigwa tarehe 16.

Twende Georgetown, makao ya kaunti ndogo ya Quitman, kwenye ukumbi wa mahakama. Mwenye mji alikuwa Joe Hurst, mwakilishi wa kaunti hiyo na mtu ambaye hata hundi za ustawi wa jamii zilipitia mikononi mwa familia yake. Hakukuwa na faragha: watu walitia alama juu ya kaunta huku Hurst akiwaangalia na kuwaambia wampe nani, yaani mpinzani wa Carter, mfanyabiashara Homer Moore. Karatasi ziliingia kwenye boksi la kadibodi lenye tundu kubwa, na Hurst hakuona haya kupenyeza mkono ndani na kutazama watu wamempa nani. Mtu wa Carter alikuwa pale pale akishuhudia. Hurst hakujali, maana kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumfanya lolote.

Hesabu ikatoka: waliopiga kura siku ile walikuwa 333, karatasi ndani ya boksi 420. Zaidi ya watu mia moja, kwa mujibu wa orodha, walipanga foleni kwa mpangilio wa alfabeti. Miongoni mwao walikuwemo marehemu na waliokuwa gerezani. Carter akatangazwa ameshindwa kwa kura 139. Akamchukua wakili Charles Kirbo wa Atlanta, mwandishi John Pennington wa gazeti la Atlanta Journal akaanika mambo, na boksi lilipofunguliwa mbele ya jaji palikuwa na bunda la karatasi zilizokunjwa pamoja. Boksi likatupwa nje ya hesabu na Carter akawa mbele kwa kura 65. Vurugu za kisheria ziliendelea hadi siku ya kuapishwa, Januari 1963.

Kwa hiyo wale wanaoniambia kuchakachua kura ni ugonjwa wa Afrika, karibuni Georgetown. Kituo cha Carter kilipokuja Kenya kuangalia uchaguzi wa 2013, mwanzilishi wake hakuwa mgeni wa mambo hayo.

Lakini hapa ndipo simulizi nzuri inapotuponza, na vitabu vingi vinapita haraka. Haki iliyoshinda Georgetown ilikuwa ya nani? Kaunti zile zilikuwa na Weusi wengi mno, na karibu wote walikuwa wamezuiwa kujiandikisha. Mwezi mmoja kabla, kaunti ya Terrell, ndani ya eneo hilo hilo, makanisa ya Weusi yalichomwa moto kwa sababu ya kuandikisha wapiga kura. Ugomvi wa Carter na Hurst ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa Weupe juu ya kura za Weupe. Ndani ya Seneti Carter alisimama kuyapinga yale "maswali thelathini", mtihani wa kujiandikisha uliotumiwa kuwanyima Weusi kura, na kwa mtu wa Sumter hilo lilihitaji moyo. Ila kwenye kampeni zake hakulipigia debe.

Mwaka 1966 aligombea ugavana akawa wa tatu kwenye mchujo. Aliyepata kiti ni Lester Maddox, mwenye mgahawa aliyejipatia jina kwa kuwafukuza wateja Weusi. Carter akajifunza somo, na somo lenyewe si zuri kulitazama. Mwaka 1970 alimkabili Carl Sanders, gavana wa zamani, mtu wa mjini. Akambatiza jina la tajiri wa vifungo vya dhahabu. Akaahidi kumwalika Georgia George Wallace, kinara wa ubaguzi kutoka Alabama. Ikasambazwa picha ya Sanders akisherehekea na wachezaji Weusi wa mpira wa kikapu, na vidole vinaelekea kambi ya Carter. Raundi ya kwanza alipata karibu asilimia 49, ya marudio akashinda kwa urahisi.

Halafu, tarehe 12 Januari 1971, kwenye hotuba ya kuapishwa, akawaambia watu wale wale kwamba wakati wa ubaguzi wa rangi umekwisha.

Wanafunzi huniuliza: alikuwa mnafiki kwenye kampeni au kwenye hotuba? Nimefundisha jambo hili miaka mingi na jibu langu hubadilika. Kuna mihula namwona mtu aliyekopa chuki ili aifilisi. Kuna mihula naona kwamba waliotukanwa katika kampeni hawakuombwa ruhusa ya mkopo huo, na sina la kuwajibu. Anayekupa jibu safi hapa anakuuzia kitu.

Ugavana nitaupitia mbio: taasisi za serikali zipatazo 300 zilibanwa zikawa 22, bajeti zikaanza kuandikwa upya kutoka sifuri, bwawa la Sprewell Bluff akalizuia mwaka 1973, na picha ya Martin Luther King ikatundikwa ndani ya jengo la bunge la jimbo mwaka 1974. Katiba ya Georgia ilimkataza kugombea mfululizo.

Na Watergate? Novemba 1972, msaidizi wake Hamilton Jordan, aliyeendesha kampeni ya 1970, alimwandikia waraka mrefu wa jinsi ya kuutafuta urais hatua kwa hatua. Mwezi huo huo Nixon alikuwa amechaguliwa tena kwa kishindo, akishinda majimbo 49 kati ya 50, na Watergate ilikuwa bado habari ndogo ya magazetini.