Kibati chenye namba kwenye mti: tunachofanya katika misitu ya Amani

Ukipanda kutoka Muheza, mkoani Tanga, kwenda Amani katika milima ya Usambara Mashariki, barabara ikishaanza kujikunja kuelekea juu na baridi ikaanza kukugusa, kuna miti ndani ya msitu yenye kibati kidogo cha namba, kimepigiliwa kwa msumari mmoja. Kila kijiji ninachofika naulizwa: kwani ninyi mnatafuta nini humu? Wengine wameshajijibu. Ni madini, au ni rupia alizofukia Mjerumani. Siwalaumu. Mtu anayeingia msituni alfajiri na futi kamba na daftari, akatoka jioni mikono mitupu, ana deni la maelezo.

Kibati kile ni jina la mti. Tunaupima unene kwa mita 1.3 kutoka ardhini, yaani kimo cha kifua. Kwenye mteremko mpimaji husimama upande wa juu, ili mwingine akija apime pale pale. Tunaandika, tunaondoka, na baada ya miaka kadhaa tunaurudia mti ule ule. Mmoja utakuta umenenepa kidogo tu, mwingine umeanguka na mahali pake yameota machipukizi ya aina nyingine kabisa. Kibati kikichomolewa, na huchomolewa kweli, historia yote ya mti huo inakatika. Hii ndiyo kazi ya kituo cha utafiti cha uwandani: kukaa. Mgeni wa wiki mbili ataona kijani kila upande na ataamini msitu ni mzima.

Amani ina historia ndefu ya kazi hii. Wajerumani walianzisha taasisi ya kilimo na baiolojia hapa mwaka 1902, wakaleta mimea kutoka pembe nyingi za dunia kuijaribu. Mmoja kati ya miti iliyoletwa ni msizi, ambao kwao ni upande wa Kagera na Uganda. Unakua haraka, na baadaye ukapandwa kwa wingi kuziba sehemu zilizovunwa magogo. Haukukaa ulipopandwa. Ndege wanaoitwa hondohondo wanapenda matunda yake, wanayameza na kuziangusha mbegu mbali. Chini ya kivuli kizito mche wa msizi hauendi popote, lakini mti mkubwa ukikatwa na jua likafika chini, msizi huwa miongoni mwa wa kwanza kusimama. Ndiyo maana ukiniuliza msizi umeingiaje katikati ya msitu, nami nitauliza kwanza nani alikata nini pale, na lini.

Mambo ya ardhi yana hesabu ya namna hiyo kila mahali. Chukua iliki. Mkulima wa iliki huacha miti mikubwa kwa ajili ya kivuli, na ukiangalia kutoka barabarani unaona msitu. Ingia ndani, uiname. Miche ya miti haipo, imefyekwa kila palizi ili iliki ipate nafasi. Miti ile mikubwa ni wazee wasio na wajukuu. Udongo ukichoka na mavuno yakishuka, shamba hugeuzwa la mihogo au mahindi, na hapo wazee nao huangushwa. Mimi sipendi kusikia mkulima huyu akiitwa mharibifu. Iliki imesomesha watoto wengi wa milima hii. Swali letu ni jinsi gani atavuna huku akiacha miche kadhaa ikue, na jibu la swali hilo linatoka shambani kwake.

Kuna ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani huliita ua la Usambara, leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Lilipelekwa Ulaya kutoka Tanga mwaka 1892. Kwao ni kwenye miamba yenye unyevu na kivuli. Kata miti juu ya mwamba, mwamba unakauka na ua linakufa, hata kama hakuna mkono uliolichuma. Na unyevu huo huo ndio unaolisha mto Zigi, unaojaza bwawa la Mabayani, ambalo maji yake yananywewa Tanga mjini.

Sehemu ya misitu hii ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini. Mtafiti anayeingia lazima awe na kibali, na mtafiti wa kutoka nje ya nchi lazima awe nacho kutoka COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Mwananchi, una haki ya kumwomba mtafiti akuonyeshe. Asiudhike.

Msimu mmoja tulikwama kwenye ploti, yaani kipande cha msitu tunachokipima, iliyokuwa na kona moja ya misizi mitupu, yote karibu unene mmoja, huku pande nyingine ni miti ya asili. Mzee mmoja wa kijijini alipita na kuni zake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Bado mnahesabu?”

Tukamweleza. Akatua mzigo, akatupeleka hatua chache, akaparua majani makavu kwa fimbo. Palikuwa na kisiki, kimeoza katikati, kipana kuliko meza. “Huu ulikuwa mtambara,” akasema. “Waliukata kabla ya Operesheni Vijiji, wakauburuta kupitia hapa.” Akaionyesha njia kwa fimbo, nayo ilipita katikati kabisa ya ile kona ya misizi. Maneno yake tuliyaandika kwenye daftari la ploti ile, ukurasa mmoja na vipimo vya siku hiyo.