Je, wajua kwa nini mtoto anayebebwa akilia ndiye anayekuja kuwa jasiri? Jibu lilianzia Kampala

Sidhani kama kuna nyumba Zanzibar ambayo haijapita hii. Mtoto analia, mama anainuka kumchukua, pembeni kuna mtu mzima wa heshima zake anasema "muache, atazoea mikono huyo". Mama anarudi kukaa huku roho inamdunda, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Alafu nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, yupo bibi ambaye mjukuu wake hajafungua hata kinywa vizuri keshamtia kwenye mbeleko na keshaanza kuzunguka nae uani. Sasa nani yuko sawa? Wengi tunalichukulia kama suala la mila tu, kila nyumba na utaratibu wake, lakini yupo mwanamke aliyelikalia hili swali maisha yake yote na daftari mkononi, na kazi yake kubwa ya mwanzo hakuifanya Ulaya wala Marekani, aliifanya hapa hapa kwa majirani zetu Uganda, mwaka 1954.

Anaitwa Mary Ainsworth. Watu wengi wanaosoma malezi chuoni wanalijua jina lake kwa mambo aliyoyafanya baadae Marekani, ile ya Kampala inatajwa kwa mstari mmoja na kupitwa, na mimi hilo linaniuma kweli, kwa sababu bila ya wale kina mama wa Kiganda, kabila la pande za Kampala, hiyo ya Marekani isingekuwepo.

Kwanza tujue wakati ule wataalamu wa kizungu walikuwa wanasema nini. Daktari Truby King wa New Zealand alishawafundisha kina mama kunyonyesha kwa saa, kila baada ya saa nne, usiku hakuna, na mtoto akilia katikati aachwe, na ushauri wake ukaenea mpaka Uingereza. Marekani nako alikuwepo John Watson, mtu wa saikolojia, mwaka 1928 katoa kitabu anawaambia wazazi wasimkumbatie mtoto wala kumpakata, kama imebidi sana basi busu moja la kipaji wakati wa kulala, na asubuhi mpe mkono. Mpe mkono mtoto wako! Yani hii hofu ya kuzoea mikono tunayoiona ni maneno ya bibi zetu, wazungu wenye digrii zao waliihubiri kwa nguvu kuliko bibi yeyote wa Ng'ambo, pale mjini Unguja.

Mary mwenyewe kazaliwa Ohio, Marekani, Disemba 1913, na akiwa mdogo wazazi wake wakahamia Toronto, Kanada. Inaelezwa kuwa na mama yake hawakuwa karibu sana, baba ndiye alokuwa akimlaza usiku na kumuimbia. Kasoma saikolojia Chuo Kikuu cha Toronto mpaka akapata shahada ya udaktari (PhD) 1939, na pale alikuwepo mwalimu wake William Blatz ambaye alikuwa na fikra moja iliyomganda Mary mpaka uzeeni: kwamba mtoto akiwa na uhakika wa mzazi wake ndio anathubutu kutoka na kuijua dunia. Vita vya pili vikaja, akaingia jeshi la Kanada, katoka na cheo cha meja. Mwaka 1950 kaolewa, akamfata mume London, na huko akiwa anatafuta kazi akajibu tangazo la gazetini, kumbe tangazo lenyewe ni la John Bowlby.

Bowlby alikuwa daktari aliyeshughulishwa na watoto waliotenganishwa na mama zao, maspitalini na kwenye vituo vya mayatima. Zama zile spitali za Uingereza mzazi kumtembelea mtoto aliyelazwa ilikuwa kwa siku maalum tu, huku kwetu wodi ya watoto bila mama kulala pembeni ya kitanda hatuifikirii hata. Mwaka 1951 Bowlby kaliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuonesha madhara ya watoto wadogo kukosa mama, na alianza kuamini kwamba mtoto kumng'ang'ania mama ni maumbile, kama vile ndege wanavyomfata mama yao, sio kwa sababu anapewa maziwa. Mary hakukubali. Yeye kama wenzake wa wakati ule aliona ni wazi tu, mtoto anampenda mama kwa sababu mama ndiye anayemlisha, na alimtahadharisha Bowlby kuwa hizo fikra za ndege na wanyama zitamharibia jina.

Basi 1954 mume akapata kazi Kampala, kwenye taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, Mary akafuatana nae, na kufika tu akaanza kutafuta njia ya kufanya utafiti wake mwenyewe.

Na alichotaka kukitafiti ni jambo tunalolijua vizuri sana visiwani: kumuachisha mtoto ziwa. Alisikia kwamba Waganda kwa mila yao mtoto akiachishwa anaachishwa siku moja tu alafu anapelekwa kwa bibi yake. Sisi je? Kuna wanaopaka shubiri kwenye chuchu, mtoto anakuja mbio mbio na kiu yake, anaweka mdomo, anakunja uso wote, anamuangalia mama kama haamini, anajaribu tena, alafu ndio kilio kinatoka. Na wapo wanaofunga nguo za mtoto kwenye mfuko na kumpeleka kwa bibi yake shamba, Makunduchi au Donge au wapi, akae siku kadhaa asahau. Mary alitaka kujua mtoto anakuwaje baada ya kutenganishwa hivo. Lakini alipoingia majumbani akakuta ile mila imeshafifia, wengi hawafanyi tena, na wale wachache waliobaki hawatoshi. Mtu mwengine angefunga daftari akarudi zake. Yeye akabadilisha swali: badala ya kutazama mapenzi yanavyokatika, akatazama yanavyoanza.

Alizungukia vijiji 6 karibu na Kampala, nyumba 26, vitoto vichanga 28, akiwa na mkalimani wake Bi Katie Kibuka, na yeye mwenyewe akijitahidi kujifunza Kiganda. Kila nyumba alikwenda kila baada ya wiki mbili, anakaa kiasi cha saa mbili, kwa miezi mpaka tisa. Na alikwenda alasiri, wakati ambao kina mama wa Kiganda hupokea wageni sebuleni, kwa hivo alikuwa anakaa kama mgeni, watu wanazungumza, watoto wanatambaa chini, na yeye anaangalia. Hapa ndipo ninapompendea. Hakumpeleka mtu maabara wala hakumpa mama karatasi ajaze maswali, kakaa nyumbani kwa mtu mchana ukaisha.

Alichokiona ni hichi. Kitoto kikishaanza kutambaa, kikiwa na mama yake, kinaondoka, kinakwenda kuchungulia mgeni, kinachezea kitu, alafu kinageuka kumuangalia mama, au kinarudi kabisa kumgusa, kisha kinaondoka tena na safari hii kinakwenda mbali zaidi. Mama akitoka chumbani, mchezo unakufa, kinamfata au kinalia. Akirudi, vitoto vya Kiganda vilikuwa vinampokea kwa kupiga makofi, jambo ambalo Mary baadae hakuliona kwa watoto wa Marekani, wao walikumbatia na kubusu. Na mtoto hamgandi mtu kwa sababu ya chakula tu, wapo waliowaganda baba zao na watu wengine wa nyumba ambao hawajawahi kuwapa hata tone la maziwa. Ukitaka kuliona hili huna haja ya kwenda Kampala. Kaa barazani jioni penye mtoto wa miezi tisa, muweke mama kwenye mkeka, hesabu mtoto anageuka mara ngapi kumtafuta kwa macho kabla hajakigusa kiatu cha mgeni. Alafu mama ainuke aingie ndani, uone kile kiatu kama kina thamani tena.

Hapo ndipo Mary alipomkubalia Bowlby, na sio kwa kusoma, kwa kuona.

Katika wale 28, watoto 16 walionekana wametulia na mama zao, wanalia kidogo na mama akiwepo wanacheza kwa raha. 7 walikuwa na wasiwasi, wanalia sana hata wakiwa mikononi mwa mama, hawataki kuachwa hata kidogo. 5 walikuwa bado hawajaonesha kumtofautisha mama na mtu mwengine, na hawa mama zao walikuwa wakiwaacha muda mrefu na kutoitika wakilia. Umeona lakini? Wale wanaong'ang'ania hawakuwa watoto waliodekezwa, walikuwa watoto wasio na uhakika. Mtoto mwenye uhakika ndiye anayeondoka mapajani.

Na tofauti ilitoka wapi? Alivyojaribu kupima mambo mbali mbali, kunyonyesha kwa saa au kila mtoto anapotaka hakukuleta tofauti, na kulelewa na watu wengi peke yake hakukuonekana kumtia mtoto wasiwasi. Kilicholeta tofauti ni muda wa mama kuwa na mtoto, mama mwenyewe kufurahia kunyonyesha, na kitu kimoja kizuri sana: mama ambaye ukimuuliza habari za mwanawe anakumwagia, anajua saa anazolala, anajua kilio hiki cha njaa na hiki cha usingizi, anajua nini kinamchekesha. Mama ambaye ukimuuliza habari za mtoto yeye anazungumza mambo mengine, huyo mwanawe mara nyingi hakuwa ametulia. Yani ishu ni kumjua mtoto wako.

Mwaka 1955 wakaondoka Uganda, wakaenda Baltimore, Marekani, na kitabu cha Uganda kilichelewa mpaka 1967. Kule Baltimore akarudia kazi ile ile kwa familia 26 nyengine, kila nyumba karibu saa 72 kwa mwaka mzima, na 1972 yeye na mwenzake Silvia Bell wakatoa matokeo ya kilio: watoto ambao mama zao waliwaitikia haraka miezi ya mwanzo, wakikaribia mwaka walikuwa wanalia kidogo kuliko waliokuwa wakiachwa, na walikuwa mbele kwa ishara na sauti nyengine za kujieleza. Sio kila mtu alikubali, watu wa upande wa Watson walipinga sana, na watafiti wa Uholanzi walivyorudia baadae hawakupata matokeo yale yale, wao waliona kule kulalama kudogo mtoto anaweza kutulia mwenyewe akipewa nafasi, ila kilio kikali ni lazima kiitikiwe. Mimi naona hapo hawajapishana sana na bibi mwenye mbeleko, maana bibi anajua pia kutofautisha kulalama na kulia.

Pia alitengeneza kile kipimo maarufu, mtoto wa mwaka mmoja anawekwa chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, mama anatoka, anaingia mtu asiyemjua, mama anarudi, kama dakika 20 yote, na kinachoangaliwa zaidi ni mtoto anavyompokea mama akirudi. Kimetumika dunia nzima na kimelaumiwa pia, na lawama ya maana kwetu ni kwamba mtoto wa Baltimore kazoea mama kutoka na kuingia, mtoto wa nyumba yenye bibi, shangazi, mamdogo na majirani hajawahi kuachwa peke yake na mtu asiyemjua hata siku moja, kwa hivo akilia sana kwenye chumba hicho isiwe ndio amepungukiwa. Mary mwenyewe alishaona kwamba watoto wa Kiganda walikuwa wepesi zaidi kulia mama akiondoka kuliko wa Marekani.

Yeye na mumewe waliachana 1960, watoto hakujaaliwa ingawa aliwataka sana, kafundisha mpaka uzee, kafariki Machi 1999.

Kwetu kazi yake inagusa sana jambo la kuwapeleka watoto kulelewa, kutoka Pemba kuja Unguja kwa shangazi, au shamba kwa bibi wakati wa kuachishwa ziwa. Sisemi watu waache, mimi naona ni katika mambo mazuri tuliyonayo na limewasaidia watoto wengi kusoma na kula vizuri. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayepelekwa ghafla kwa mtu ambaye hajawahi kumbeba, siku hiyo hiyo kakosa ziwa, kakosa mama na kakosa kila harufu anayoijua, na akinyamaza siku ya tatu watu wanasema "keshazoea". Kama safari haina budi, bibi aje akae kwenu kwanza wiki moja mbili, amuogeshe, amlishe, amlaze yeye, ajue kilio chake cha njaa na cha usingizi, ndio nguo zifungwe.