Mita 18 za Perry McCarthy

Ukifungua jedwali la matokeo ya Formula One la mwaka 1992 na kulifuata jina la Mwingereza Perry McCarthy, utakuta safu yake yote haina mbio hata moja: hapa hakupita mchujo wa awali, pale hakushiriki, mwishoni timu imefukuzwa. Kazi yangu ni kusoma majedwali ya namna hii, na nakiri kwamba kwa miaka mingi safu hiyo niliipita haraka, nikidhani ni ya dereva aliyejaribu bahati na kushindwa. Nilipoipekua wikendi moja baada ya nyingine ndipo nilipobaini kwamba haikumpima McCarthy hata kidogo. Ilikuwa ikiipima timu iliyompa gari.

McCarthy hakuwa na mfadhili mkubwa. Alifanya kazi kwenye mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini ili apate fedha za kushindana katika madaraja ya chini, akapanda hadi Formula 3000, daraja lililo chini kidogo ya Formula One, akavuka kwenda Marekani kuendesha magari ya mbio ndefu, na akiwa na umri wa miaka 31 akaitwa na timu ya Andrea Moda. Mwenye timu alikuwa Andrea Sassetti, mfanyabiashara wa viatu wa Italia aliyeinunua timu ya Coloni iliyokuwa hoi. Mwanzo wenyewe ulikuwa mbaya: Afrika Kusini timu ilizuiwa kwa kutolipa dhamana iliyotakiwa kwa timu mpya, na Mexico magari hayakuwa tayari. Madereva wa awali, Alex Caffi na Enrico Bertaggia, waliondoka, wakaingia Mbrazili Roberto Moreno na McCarthy. Nchini Brazil McCarthy alipewa leseni kuu, yaani kibali cha kuendesha Formula One, kisha akanyang'anywa kabla hajaendesha. Ikabidi aipiganie upya.

Hapa inafaa kueleza mchujo wa awali, kwa sababu mashabiki wengi wa leo hawakuuona. Mazoezi rasmi yalipokea magari 30, na 26 kati yao ndiyo yaliyoanza mbio. Kwa kuwa waliojiandikisha walikuwa wengi zaidi, timu changa na dhaifu ziligombea nafasi chache zilizobaki kwa saa moja tu ya asubuhi na mapema, na aliyeshindwa alifungasha virago kabla watazamaji wengi hawajafika uwanjani. Katika saa hiyo gari likikataa kuwaka, wikendi imekwisha. Barcelona, McCarthy alitoka gereji, akasogea mita 18 hivi, injini ikazima. Monaco alipata mizunguko michache, akaitwa arudi ili gari lake liwe akiba ya Moreno. Moreno alifanya maajabu siku hizo, akafuzu kuanza mbio, hadi mafundi wa timu nyingine wakampigia makofi. Lakini injini yake nayo ilikufa baada ya mizunguko 11.

Silverstone, Uingereza, nyumbani kwao, McCarthy alipelekwa barabarani na tairi za mvua ilhali lami ilikuwa kavu. Tairi za mvua zina mifereji ya kutoa maji na mpira laini. Kwenye lami kavu mpira huo huchemka na kumomonyoka, na gari huteleza kila kona, wakati washindani wamefunga tairi zisizo na mifereji kabisa, ambazo mtaani tungeziita vipara, zinazoikamata lami kwa upana wake wote. Hungary ilikuwa zaidi ya hapo. Aliruhusiwa kutoka gereji zikiwa zimebaki sekunde 45, katika uwanja ambao hata gari la timu ya Williams la Riccardo Patrese, lililopata nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio wikendi ile, lilihitaji zaidi ya sekunde 75 kumaliza mzunguko mmoja. Maana yake ni kwamba kabla hajafika mstari wa kuanzia mzunguko wa kupimwa, bendera ilikuwa imeshashushwa. Sidhani kama hilo lilikuwa kosa la saa.

Sassetti alitaka kumrudisha Bertaggia, ambaye sasa alikuwa amepata wafadhili, lakini shirikisho la mbio za magari lilikataa kwa kuwa timu ilikwishabadilisha madereva. McCarthy akabaki kwenye kiti ambacho mwenye timu hakumtaka akikalie, na baada ya Hungary shirikisho likaionya timu iliendeshe gari la pili kwa dhati.

Ubelgiji, timu ya Brabham ikiwa imejitoa, mchujo wa awali haukuhitajika tena. Kwa masimulizi ya McCarthy mwenyewe, alipoingia kona ya Eau Rouge, pale barabara inaposhuka bondeni, kukata kushoto na kupanda ghafla kulia, usukani uligoma; aliponea chupuchupu. Aliporudi gereji kulalamika aliambiwa kwamba kifaa hicho cha usukani kilijulikana kuwa kibovu, kwani kilitolewa kwenye gari la Moreno. Wikendi hiyohiyo polisi walimkamata Sassetti kwa tuhuma za kughushi ankara. Katika mbio zilizofuata, Monza nchini Italia, timu ilizuiwa kuingia na kuondolewa kwenye ubingwa.

Miaka 10 baadaye McCarthy alitazamwa na mamilioni bila kujulikana, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ndani ya vazi jeusi na kofia ya Stig, dereva asiyeonyesha uso wala kutajwa jina katika Top Gear, kipindi cha magari cha BBC. Mwaka 2003 alikwenda kwenye mbio za saa 24 za Le Mans na Audi, pamoja na Frank Biela na Mika Salo. Biela, aliyeanza, alipitiliza njia ya kuingilia gereji, mafuta yakamwishia barabarani, na gari likatoka mashindanoni kabla McCarthy hajakabidhiwa usukani.